Kinu Kilicholia Katika Kijiji Kitupu

Tulimzika Damiani pale Kingi asubuhi ya ukungu mzito, ukungu ule wa Masisi unaomfanya jirani aonekane hana miguu. Baada ya maziko wanawake walileta maharage na viazi, tukakaa kwenye mikeka, na binti yangu mkubwa akaniomba niwaeleze wajukuu jinsi babu yao na mimi tulivyoanza maisha. Nikawaeleza arusi yetu kule Muheto na mvua iliyotunyeshea tukitoka kanisani. Nikawaeleza nyumba yetu ya Kingi na shamba la kwanza la viazi. Wakacheka, wakala. Hakuna aliyegundua kwamba kati ya arusi na nyumba ya Kingi niliruka mwaka mzima. Nimeuruka mwaka huo maisha yangu yote, si kwa sababu una aibu, bali kwa sababu haukuwa wangu peke yangu. Ulikuwa wa watu wanne, na kwa muda mrefu neno moja la kinywa changu lingeweza kumtoa mmoja wao kwao na kumpeleka mahali asipopajua. Sasa wengine wote watatu wametangulia. Nimebaki mimi, na sitaki kuondoka na mwaka huo tumboni.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Zilikuwa siku za Wabelgiji, vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, na Damiani ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kusomea kazi ya dawa. Kwetu kila mwenye kushika sindano aliitwa munganga, awe daktari au la, na mimi kwa kuolewa tu nikawa Mama wa Munganga. Mwezi mmoja baada ya arusi alipewa barua: aende Walikale, kwenye dispanseri ndogo kando ya barabara, ndani ya msitu. Mimi nilijua milima, majani ya malisho, baridi ya alfajiri na moshi unaotambaa juu ya nyasi za mapaa. Msitu nilikuwa nimeusikia tu. Mama yangu alinifungia kibuyu cha mashanza, maziwa yale yaliyoganda tuliyopewa na majirani wafugaji, akaongeza kifuko cha maharage, akaninong'oneza kama anayemuaga mtu wa vita: "Kule banakula kila kitu yenye kutembea. Weye kula yenye unajua."

Tulisafiri juu ya lori la magunia ya viazi. Kwa muda mrefu tuliendelea kuwa na hewa yetu, tukijifunika blanketi moja, kisha barabara ikaanza kushuka. Masikio yakaziba. Nguo zikanata mgongoni. Milima ilijifunga nyuma yetu, na miti ikajifunga juu yetu, na saa nane ya mchana, jua likiwa bado liko mahali pake huko juu, dereva akawasha taa za gari. Nilitazama vumbi jekundu likicheza kwenye ule mwanga, nikashika mkono wa Damiani, na yeye, ambaye hakuwa mtu wa kushikwa mkono mbele za watu, akauacha nishike. Tulipovuka daraja la mto Lowa nilichungulia maji. Yalikuwa meusi kama chai iliyosahauliwa motoni, na hayakuwa na sauti.

Kijiji tulichofikia kilikuwa kipya, na kilikuwa kimenyooka kupita kiasi. Nyumba zote zilisimama kwenye mistari miwili, mmoja huku na mwingine ng'ambo ya barabara, milango ikitazamana. Serikali ilikuwa imewatoa watu ndani ya msitu miaka miwili nyuma na kuwapanga pale ili wahesabike na walime barabara. Wao wenyewe walikuwa bado wanaishi kama wageni katika nyumba zao. Nilimwona mzee akitoka mlangoni asubuhi akageuka upande wa kushoto, akasimama, kisha akarudi taratibu, maana choo alichokuwa anakiendea kilikuwa kwenye kijiji kingine. Jirani yetu alikuwa Mama Sabina, mwanamke wa makamo, mjane, mwembamba, mwenye mikono mirefu. Yeye ndiye aliyetuletea chakula cha kwanza. Alikiweka chungu mezani, akafunua, na katikati ya mchuzi mwekundu wa mawese niliona mkono mdogo wenye vidole vitano na kucha.

Nilipiga kelele. Damiani alicheka, Mama Sabina hakucheka. Aliuchukua ule mkono kwa vidole viwili, akaniangalia. "Ni kima," akasema. "Kwenu munakula nini?" Nikaenda kuleta kibuyu changu, kwa kiburi, nikamimina mashanza kwenye bakuli. Alinusa. Uso wake ukakunjamana jinsi wangu ulivyokuwa umekunjamana. "Hii inatoka wapi?" "Kwa ng'ombe, Mama. Mu matiti." Akaliweka bakuli chini polepole, akarudi nyuma hatua moja. "Mutoto ya ng'ombe, yee atakunywa nini?" akauliza. Hivyo ndivyo tulivyoanza, kila mmoja akimwona mwenzake anakula kitu cha kutisha, na hivyo ndivyo alivyonichukua kuwa mwanafunzi wake, nadhani kwa huruma.

Alinifundisha kuponda ndizi zilizochemshwa mpaka ziwe lituma, donge zito linaloshika vidole. Alinifundisha kutwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka harufu ya majani mabichi igeuke kuwa harufu ya chakula, kufunga samaki kwenye majani pamoja na pilipili na kumlaza majivuni, kuchoma mimea ya kijito na kuchuja majivu yake upate chumvi nyeusi kidogo yenye ladha ya moshi. Nilikula viwavi wa kukaanga nimefumba macho, kisha nikafumbua. Sisi wa milimani tunakula haraka, kwa sababu chakula kinapoa. Wao walikula taratibu, bila maneno, wakisikiliza. Nilidhani ni adabu. Siku moja nikiwa jikoni kwake nami nikasikiliza, nikasikia walichokuwa wanakisikia. Mbali, ndani ya msitu, kulikuwa na mtu anatwanga.

Ilikuwa kama saa tisa ya mchana. Sauti ilikuja mara mbili, ikapumzika, mara mbili, ikapumzika, kama mtwangaji ana mkono mmoja mzuri na mwingine mbaya. Niliuliza, "Mama, kule muko kijiji?" Mama Sabina aliendelea kukoroga. "Kule ni kwa zamani. Tulitoka. Hakuna muntu." "Lakini minasikia kinu." "Kinu gani?" Na kile kinu kilikuwa kinalia, tena kwa uwazi kiasi kwamba mwiko wa Mama Sabina ulikuwa unafuata mapigo yake ndani ya chungu bila yeye kujua. Damiani alipouliza, kapita, msimamizi wa kijiji aliyewekwa na serikali, shemeji ya Mama Sabina kwa upande wa marehemu mumewe, alimjibu kwamba ni ndege anayegonga mti. Damiani alikubali. Lakini mimi nilianza kuona mambo. Niliona kwamba kila siku ya tatu Mama Sabina aliingia msituni na kapu la chakula kilichoiva, jani moja limebanwa katikati ya midomo yake kama mtu aliyejifunga asiseme, na kwamba alirudi na kapu tupu na jani lile lile. Niliona kwamba watoto wakicheza upande ule wa kijiji hawakuitana majina. Nilipomwuliza anapeleka wapi chakula, alijibu, "Bale wenye kulala kule nao banasikia njaa."

Nikiwa mzee najua kwamba hofu nyingi za ugenini ni chakula tu ambacho hujakizoea. Lakini hofu ile haikuwa ya namna hiyo, na hata leo, kukiwa kimya hapa Kingi mnamo saa tisa ya mchana, huwa nawasha redio.

Damiani kwa upande wake alikuwa na hofu ya namna nyingine. Kazi yake kubwa haikuwa vidonda wala homa. Ilikuwa kuwatafuta wenye ukoma. Alipita kijiji kwa kijiji, majuma mawili au matatu, akiwavua watu nguo za juu na kuwachoma kidogo kwa sindano mahali penye madoa kuona kama wanasikia maumivu. Wenye ugonjwa mwepesi aliwapa vidonge vipya vilivyokuwa vimeanza kuletwa. Wale wenye vidole vilivyoanza kuharibika aliwaandika, na lori lilikuja kuwachukua kwenda kambi ya mbali, na kijijini walisema hawajamwona hata mmoja aliyerudi. Kupitia dirisha la dispanseri nilimsikia mara nyingi akieleza: nusu kidonge, mara mbili kwa juma, baada ya kula, bila kuruka. Na nilisikia pia watu wakipita barabarani wakisema kwa sauti ya chini, wakidhani sielewi, kwamba munganga ana macho ya mwewe.

Katika msimu wa mvua alipokuwa safarini niliingia msituni peke yangu kutafuta uyoga. Mama Sabina alikuwa na homa siku hiyo, na mimi nilikuwa nimeshajiona mwenyeji. Niliona uyoga mmoja, kisha mwingine mbele yake, kisha mwingine, na nilipoinua kichwa njia haikuwepo. Msituni mtu hapotei kwa kwenda mbali. Anapotea kwa kugeuka mara moja. Niliita, na sauti yangu ikaanguka karibu na miguu yangu. Ndege walikuwa wamenyamaza wote. Halafu nikasikia kinu, mara mbili, kikapumzika, na hakikuwa mbali tena. Nilijua sipaswi kukifuata. Lakini kilikuwa kitu pekee katika ulimwengu ule wote kilichokuwa na upande, nami nikakifuata.

Nilitokea kwenye migomba. Ilikuwa imezaa vizuri, mikungu imeinamia chini, na katikati yake zilikuwepo nyumba zilizoanguka mapaa lakini milango yake bado imesimama, fremu tupu zinazotazama fremu tupu. Mbele ya nyumba moja isiyoanguka alikaa mwanamke, kitambaa kimemfunika kichwa na uso mpaka chini ya macho, mchi mikononi. Mikono yenyewe ilikuwa imefungwa vitambaa. Hakushtuka kuniona. "Ulipotea," akasema, kama anayenisalimu. "Ndiyo, Mama. Nilikuwa natafuta buyoga," nikajibu. "Muntu mwenye kupotea iko na njaa. Ikaa." Nilikaa. Alitandika majani ya mgomba chini, na nakumbuka vizuri, alitandika majani matatu. Moja mbele yangu, moja mbele yake, na moja kando, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Alipakua lituma na samaki wa majivuni. Ladha ilikuwa ya Mama Sabina kabisa, ile chumvi ya moshi, pilipili ile ile, kiasi kwamba nywele zilinisimama kabla sijajua kwa nini. Kwetu kukataa chakula cha mtu ni kumtukana. Nikala. Yeye hakula, maana kula kungemlazimu kufunua uso. Alinitazama tu, kwa macho makubwa yasiyopepesa sana, kisha akanionyesha njia kwa kidevu. "Usiangalie nyuma," akasema. "Utapotea tena."

Nilimkuta Mama Sabina ameketi mlangoni, blanketi mabegani. Nilimweleza yote kwa furaha ya mtu aliyeokoka, na nilipofika kwenye macho na vitambaa vya mikono, rangi ya uso wake ilibadilika ikawa kama majivu. "Ulikula?" akauliza. "Nilikula." Aliita kapita. Waliongea Kinyanga haraka, kisha kapita akanigeukia, akasema polepole ili nielewe kila neno: "Mama wa Munganga, kule hakuna muntu. Ule uliona ni Yulita, mutoto ya Sabina. Tulisha muzika, miaka mbili." Na kwa kuwa nilikuwa natikisa kichwa, walinichukua wakanionyesha. Kaburi lilikuwa mwisho wa kijiji, lina msalaba wa mti, limezungushiwa mawe. Katikati ya udongo, pale ambapo ingekuwa kifua cha mtu, kulikuwa kumechipua mgomba mdogo, jani moja la kijani limejiviringisha. Mama Sabina aliinama akaung'oa kwa mkono mmoja, akautupa porini bila kuutazama.

Sitasahau siku zilizofuata, ingawa nyingi sikuwa ndani yake kwa akili kamili. Nilijua kwamba nimekula chakula cha marehemu, kwenye jani la marehemu, na kwamba jani la tatu lilikuwa la mwingine ambaye sikumwona. Nilihisi kile chakula bado kipo tumboni, kizito, hakitaki kuondoka, kinasubiri. Kila nilichokula baada ya hapo kilikuwa na ladha ile. Nikaacha kula. Maji nilikunywa kidogo. Homa ikanishika, na kila saa tisa ya mchana kinu kikilia nilihesabu, mara mbili, mapumziko, na nikaona moyo wangu umeanza kupiga namna ile. Mama Sabina alikuja kila asubuhi na uji, akaurudisha. Siku ya sita nilimsikia nje ya mlango akizungumza na kapita. Kapita alisema, "Akifa, munganga atauliza. Akipona, ataongea. Afazali akufe." Nikasikia bakuli la uji likiwekwa chini. Halafu Mama Sabina akasema, "Iko mutoto ya muntu."

Aliingia, akanivika kitenge chake, akaniinua. Nilikuwa mwepesi kama kuni kavu. Kwa mara ya kwanza aliingia njia ile bila jani mdomoni, akaongea njia nzima, juu ya mito, juu ya samaki, juu ya mumewe, maneno ya kawaida, kama mtu anayemshikilia mgonjwa kwa sauti. Yulita alikuwa mbele ya nyumba. Mama Sabina alimfungua mwanawe vitambaa, kimoja baada ya kingine, akachukua mkono wangu. "Mushike." Sikutaka. "Mushike, minakwambia!" Nikaushika. Vidole viwili vilikuwa vimekwisha mpaka kwenye fundo, kiganja kilikuwa kigumu. Na kilikuwa cha moto. Kilikuwa na jasho. Nikaanza kulia, na Yulita naye akaanza kulia, na nilipomsikia akivuta kamasi kama mtu yeyote yule, kitu kilichokuwa kimekaa tumboni mwangu juma zima kikaniachia.

"Kaburini mulizika nini?" niliuliza baadaye, nikinywa uji. "Mugomba," akasema Mama Sabina. "Tuliifunga mu mukeka. Katekista aliomba, bantu balilia. Na mimi nililia, nililia sana." Walipohamishwa kwenda barabarani vidole vya Yulita vilikuwa vimeshaanza. Kambi ya mbali walikuwa wameisikia. Wakaamua kwamba Yulita afe, abaki kwenye nyumba aliyozaliwa, na msitu umfiche. Kijiji kizima kilijua. Kijiji kizima kilikuwa kimekula kimya miaka miwili. "Sasa," akasema Mama Sabina, "maisha yake iko mu kinywa yako."

Kabla hatujaondoka nilimwuliza Yulita juu ya jani la tatu. Alinitazama kwa mshangao. "Nilitandika mbili," akasema, kisha akaniuliza yeye: "La tatu lilikuwa la nani?" Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi kuliko aliyoishi yeye. Huenda homa ilikuwa imeshaniingia nikiwa bado natafuta uyoga. Sijui. Nawaambia nilichokiona.

Damiani aliporudi nilimpikia lituma na sombe, akasifu mkono wangu. Nilikaa mbele yake nikiwa na lile jambo nyuma ya meno. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa amekula kiapo cha kazi yake, na nilimwogopa kwa wema wake ule ulionyooka kama barabara. Hata hivyo kulikuwa na jambo jingine lililonila. Wale watu walikuwa wanamficha Yulita asipone. Vidonge vilikuwa chini ya kitanda chetu, ndani ya kopo, na yeye alikuwa akipoteza vidole hatua elfu moja kutoka hapo. Nikaiba. Vidonge vinne vya kwanza nilivifunga kwenye ncha ya kitenge. Yulita hakutaka kuvimeza. "Ni ya kunikamata," alisema. Nikakata kidonge, nikameza nusu mbele yake, nikangoja, tukasemezana habari za ng'ombe, jambo ambalo lilimchekesha siku zote, kisha naye akameza. Tangu siku hiyo nilienda kila baada ya siku tatu, na sikwenda mikono mitupu. Nilimpelekea maharage ya mama yangu, yaliyopikwa kwa namna ya Masisi, laini, bila mawese. Alisema yana ladha ya udongo baada ya mvua. Alitaka kuonja maziwa, lakini maziwa yalikuwa mbali.

Jumamosi moja, tukila, Damiani alisema bila kuinua macho kwenye sahani, "Mu hii nyumba muko panya yenye kula vidonge." Alitafuna, akameza, akachovya donge jingine kwenye mchuzi. "Ile panya," akasema, "ikiisha kuanza, isiruke hata juma moja. Ikiruka, dawa inakuwa bure." Kisha akaomba maji. Jumamosi iliyofuata nilikuta juu ya meza karatasi iliyokunjwa vizuri, na ndani yake nusu za vidonge, zimekatwa kwa wembe, sawasawa. Hakuuliza jina. Sikulisema. Karatasi ilikuwepo kila Jumamosi mpaka mwisho wa mwaka, na hatukuizungumzia, si pale, si Kingi, si siku yoyote ya ndoa yetu.

Mwishoni mwa kiangazi daktari Mzungu alikuja na lori la kuwachukua waliokuwa wameandikwa. Aliketi kwenye baraza letu, akanywa kahawa, akapitia orodha ya Damiani kwa ncha ya kalamu. Kapita alisimama kando, kofia mkononi. Nilikuwa natoa vikombe wakati kinu kilipoanza. Yulita hakujua kwamba kuna mgeni. Mvua ya asubuhi ilikuwa imezuia mtu wa kumpelekea habari. Mara mbili, kikapumzika. Barabarani kila mtu alisimama alipokuwa. Mwanamke mmoja alikuwa anamwaga maji, akaacha mtungi umeinama mpaka ukaisha. Daktari aliinua kichwa. "Kule ndani kuna nani?" Kapita aliizungusha kofia yake mkononi. Daktari akamgeukia Damiani. Mume wangu alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, na kutoka nilipokuwa niliona vidole vyake vimeshikana mpaka vimebadilika rangi. "Ni ndege, Dokta," akasema. "Anagonga muti." Kinu kikalia tena. Daktari alisikiliza kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko safari yote ya lori. Halafu akatia sahihi, akaomba sukari.

Barua ya kuturudisha Masisi ilifika muda mfupi baadaye. Asubuhi ya kuondoka wanawake walisimama kando ya barabara na vifurushi vya chakula cha njiani, kama wafanyavyo kwa watu wao. Nilikuwa nimeshapanda juu ya magunia. Ndipo nilipomwona Mama Sabina anatoka kwenye miti, na nyuma yake Yulita, kitenge kichwani, uso wazi. Ngozi ya paji la uso ilikuwa imetulia, ule uvimbe umeshuka. Watu walimpisha. Kapita aliangalia chini. Nilitaka kumpigia kelele arudi, lakini alikuja mpaka kwenye mlango wa lori, alipokuwa Damiani, akasimama.

Damiani alishuka. Aliangalia uso wake, kisha mikono yake iliyoshika kifurushi cha majani, kwa yale macho waliyoyaita ya mwewe. "Mama huyu sijamuona," akasema. "Iko nani?" Mama Sabina angeweza kusema ni mgeni, ni mpita njia, ni mtu wa mbali. "Iko mutoto yangu, Papa Munganga," akasema. "Yulita."

Damiani alinyoosha mkono. Yulita, kwa aibu, akatoa kifundo cha mkono, kama tufanyavyo tukiwa na mikono michafu. Damiani akakiacha kifundo, akateremka mpaka kwenye kiganja, akakishika, akakitikisa. Kisha akapokea kile kifurushi, akakifungulia pale pale juu ya bodi ya lori, akaanza kula, wima, bila haraka, namna ya watu wa pale. Dereva alipiga honi. Damiani alimwinulia kiganja angoje, akaniangalia mimi juu ya magunia, mdomo umejaa.

"Konsolata," akasema, "shuka. Kuja kula."